Nani Amehesabu Kasuku Wetu?

Kuna watu wanaotucheka. Wanasema: «Makatekista wamechoka kuhesabu Wakristu, sasa wanahesabu ndege.» Na mmoja wao, mtu aliyesoma, ametuletea hata Biblia: mfalme Daudi alihesabu watu, Mungu akamwadhibu, basi kuhesabu ni dhambi. Vizuri. Lakini asome tena. Daudi alihesabu watu wenye kushika upanga, apate kujivuna. Mchungaji wa Injili naye alikuwa na kondoo mia. Alijua namna gani kwamba mmoja amepotea? Si kwa sababu alihesabu? Asiyehesabu hana habari ya aliyepotea, wala hatoki kumtafuta.

Sisi tunasema habari ya kasuku, yule wa rangi ya majivu mwenye mkia mwekundu. Kasuku hazai kama kuku. Anataka tundu katika mti mkubwa, anataga mayai machache, matatu au manne, na analea makinda yake siku nyingi mpaka waweze kuruka. Tena ana desturi inayomponza: anapenda kukaa na wenzake. Jioni wanakusanyika kulala mahali pamoja, na mchana wanashuka kwa makundi penye uwazi katikati ya msitu, kutafuta maji na udongo wa chumvi. Mtegaji anajua. Anafunga kasuku mmoja juu ya mti awaite wenzake, anapaka ulimbo juu ya matawi au anatandika wavu, na kwa asubuhi moja anajaza vikapu. Kisha manyoya ya mabawa yanakatwa, ndege wanasongwa ndani ya masanduku, kwa mtumbwi, kwa pikipiki, kwa avio. Waliofuata biashara hii wanakadiri kwamba karibu nusu yao hufa mbele ya kufika kwa mnunuzi. Basi anayenunua kasuku mmoja, ahesabu pia yule wa pili aliyetupwa njiani.

«Msitu wa Kongo ni mkubwa, kasuku hawawezi kwisha.» Neno hili tumelisikia mara ngapi! Nasi tunauliza: nani amewahesabu? Huko Ghana pia walisema hawawezi kwisha. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza waliyoyaona. Walikuwa wamerudi mahali pa kulala kasuku, ambapo miaka ishirini nyuma palikuwa na ndege 700 mpaka 1200 kila mahali. Walitafuta siku tatu, wakaona kasuku 18 tu kwa jumla. Kwa nchi nzima walikadiri kwamba kwa kila kasuku mia waliokuwapo mwanzo wa miaka ya 1990, walibaki kumi, pengine mmoja tu. Mtu atajibu kwamba misitu ya Ghana imekatwa sana kuliko yetu. Kweli, lakini ulimbo haungoji shoka.

Na sisi? Katika miaka ya mwisho mbele ya 2016, Kongo ilikuwa na ruhusa ya kuuza nje kasuku 5000 kila mwaka, na hapakuwa na hesabu kamili ya waliobaki msituni. Mwenye mbuzi gani anauza namna hii, asiyejua zizi lina wangapi? Mwaka ule ule, huko Johannesburg, mataifa ya mapatano ya CITES yaliamua kukataza biashara ya kasuku wa porini kati ya nchi na nchi. Serikali yetu haikufungwa na amri hiyo, maana iliandika kwamba haikubali. Imepita miaka mingi mpaka 2025, ndipo waziri wa mazingira akatia sahihi amri ya kukataza kukamata na kuuza kasuku katika Kongo. Tunashukuru. Lakini amri inakaa mjini, na kasuku anakaa msituni. Katikati yao ni njia ndefu, na njiani kuna watu wenye feza.

Tuungame na sisi wenyewe. Katika ua wa misioni zetu ngapi kulikuwa na kasuku ndani ya tundu, akisema «Tumsifu Yesu Kristu», na wageni wakifurahi? Sisi tuliofundisha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambamo Mungu anakataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda, tulipita mbele ya tundu lile kila asubuhi. Hatukuuliza ametoka wapi.

Sasa wanatuambia: «Watoto wana njaa, nanyi mnataka sadaka kwa ajili ya ndege!» Hatusemi kumnyang'anya mtoto bakuli lake. Tunasema habari ya feza ile inayonunua kasuku wa kujionyesha. Hiyo haikutoka katika bakuli la mtoto. Huko Lwiro karibu na Bukavu, na huko Kindu, wamepokelewa kasuku walionyang'anywa wachuuzi. Ndege aliyekatwa mabawa haachiliwi kesho yake. Anangoja manyoya yaote tena, miezi na miezi, naye anakula kila siku, anatibiwa, analindwa. Anayelipa ni nani? Mara nyingi ni vyama kama World Parrot Trust, kilichoanza Uingereza mwaka 1989, yaani sadaka ya watu ambao hawatauona msitu wetu kamwe. Sisi wenye msitu tunatoa nini?

Yule asiye na feza ana macho. Kazi ya kuhesabu haitaki mashini. Watu wawili wakae juu ya kilima kinachotazama mahali pa kulala kasuku, toka saa kumi na moja ya jioni mpaka giza. Mmoja ataje, mwingine aandike: tarehe, saa, hesabu ya kila kundi, na upande walikotoka. Kasuku wengi hupita wawili wawili, hata mtoto wa shule anaweza kuwahesabu. Warudi mwezi wa pili, na mwaka wa pili, mahali pale pale. Daftari moja libaki parokiani, na nakala ipelekwe kwa walinzi wa msitu. Walimu waliotucheka tunawaomba watukopeshe kalamu.