Land Rover ya Zamani: Bei Ni Mwanzo Tu

MBINGA: Kila fedha za kahawa zinapolipwa, hawakosi wanaotaka kuagiza Land Rover ya zamani kutoka Uingereza. Ndizo zilizopanda milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay kabla ya lami, na heshima yake haijaisha. Hesabu yake ndiyo inayouma.

Defender ya umbo lile ilikoma kutengenezwa Januari 2016. Kwa hiyo karibu zote zinaangukia kodi ya uchakavu: asilimia 30 kwa gari la abiria lililozidi miaka 10.

Chukua gari lililofika Dar es Salaam kwa Sh. 20,000,000, nauli ya meli na bima zikiwamo. Ushuru wa forodha, asilimia 25, ni Sh. 5,000,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 10 ya injini na 30 ya uchakavu, ni Sh. 10,000,000. VAT ya asilimia 18 juu ya yote hayo ni Sh. 6,300,000. Jumla Sh. 21,300,000, tozo ndogo ndogo bado. Na TRA ina makadirio yake ya thamani, haitazami risiti peke yake.

Lami sasa inafika ziwani, hata gari dogo linashuka. Mwenye mapenzi hasa atafute iliyokwisha sajiliwa nchini, aikague chesisi kwa kutu, na fedha inayobaki inunue mbolea kabla ya mvua.