Baba wa Miaka 47 na Namba Kifuani

Alfajiri, vikundi vya mchakamchaka vinapopita mitaa ya Nkuhungu, hukosi kusikia mtu akiuliza, “Huyu mzee naye anakimbizwa na nini?” Anayesemwa ni baba au mama wa miaka arobaini na kitu, mwalimu, fundi au muuza nafaka, ambaye mwaka jana hakuwa hata na raba. Leo anajiandaa kwa mbio za kushindana. Amelipa ada, atavaa namba kifuani, na muda wake utaandikwa kila mtu auone.

Akisema daktari amemshauri apunguze kitambi, watu wanamwelewa. Kisukari na presha ni sababu nzuri, na serikali yenyewe ilitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi. Akisema anataka kushindana, wanacheka. “Ushindane na nani, na Simbu?”

Alphonce Simbu ni mtoto wa jirani zetu wa Singida. Septemba 2025, kule Tokyo, alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni akimwacha Mjerumani kwa sekunde 0.03 tu, baada ya kilomita 42. Kabla yake Juma Ikangaa, mzaliwa wa hapa Dodoma, alishinda New York mwaka 1989. Baba wa Nkuhungu hatawafikia hao, na analijua hilo kuliko wanaomcheka. Sisi tunaona kushindana kwake kuna faida ambayo mazoezi peke yake hayampi.

Mtu wa miaka 47 ni yule anayejua. Nyumbani ni baba, kazini ni mkuu, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo ni mwenyekiti. Ni miaka mingi tangu mtu amwambie, “Hapana, rudia.” Kwenye mbio anarudi darasa la kwanza, na binti wa kidato cha pili anampita bila hata kumwamkia. Aristotle, ambaye sisi mafrateri wa falsafa tunashinda naye, anafundisha kwamba fadhila hupatikana kama ufundi, kwa kutenda. Mahubiri juu ya unyenyekevu tumesikia mengi. Kumaliza wa mwisho mbele ya majirani, kisha kujiandikisha tena mwakani, ni kuutenda. Anayekimbia peke yake hapati nafasi hiyo, maana hakuna wa kumpita.

Jambo hili linatugusa sisi. Mungu akipenda, miaka michache ijayo tutaitwa “Baba” na wazee wa miaka 70. Tutapewa kiti cha mbele na sahani ya kwanza, na ni wachache watakaothubutu kutuambia kwamba mahubiri yalikuwa marefu na matupu. Padre anahitaji mahali ambapo cheo chake hakimsaidii. Sista Madonna Buder wa Marekani alianza kukimbia akiwa na miaka 48, kwa ushauri wa padre. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza shindano la Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima. Vatikani nayo ina timu, Athletica Vaticana, ambamo mapadre hukimbia pamoja na walinzi na wafanyakazi wengine.

Pingamizi zipo. Ada na raba ni fedha, na kwa mama ugumu ni mara mbili: kabla ya kutoka alfajiri lazima awe ameteka maji na kupika uji, na kicheko anachopata barabarani ni kikali zaidi. Mume anayemsifia jirani kwa kukimbia na kumzuia mkewe ajitafakari.

Zito kuliko yote ni Jumapili, kwa kuwa mbio nyingi kubwa hufanyika asubuhi hiyo. Kanuni ya 1248 inaruhusu kutimiza wajibu kwa Misa ya jioni ya Jumamosi. Basi mkimbiaji ahudhurie jioni hiyo, na pasipo na Misa hiyo parokiani aitafute kwingine mapema. Anayeiacha Misa kwa ajili ya medali hatumtetei.

Bonanza za parokia tunazozijua zina mpira wa vijana na kukimbia na magunia kwa watoto. Watu wazima hukaa chini ya turubai na soda. Tunapendekeza siku ya somo wa parokia iongezwe mbio ya kilomita 5 kwa waliovuka miaka 40 na hawajawahi kushindana, wapimwe presha kwanza, na mapadre waandikwe kwenye orodha hiyohiyo bila kundi lao maalumu. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, majina yote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.