Ukipokea hata soda njiani, usijiite ‘bila msaada’

SHABIKI wa soka anajua kuwa bao la kuotea si bao, hata kama nyavu zimetikisika na jukwaa zima limesimama. Kwenye rekodi za kutembea na kukimbia masafa marefu porini, bado kuna watu wanashangilia mabao ya kuotea. Tatizo liko kwenye maneno mawili tu: bila msaada.

Wanaosaka rekodi hizi wana makundi matatu. La kwanza ni la wenye msaada. Hao wana gari na watu wa kuwapikia, kuwabebea mizigo na kukimbia nao. La pili ni la wanaojitegemea. Hao hawana kikosi, ila wanaruhusiwa kununua chakula dukani au kujitumia maboksi kwa posta wayakute mjini. La tatu ndilo bila msaada: kila unachokula umekibeba mwenyewe tangu hatua ya kwanza, na unachoruhusiwa kuokota njiani ni maji tu.

Sasa angalia kilichotokea Appalachian Trail, njia ya Marekani yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi, kutoka Georgia hadi Maine. Mwaka 2016 Karl Meltzer, akiwa na kikosi chake, aliimaliza kwa siku 45 na saa 22. Mwaka uliofuata Joe McConaughy akaenda bila kikosi, akatumia siku 45 na saa 12. Jamaa alimpiku mtu mwenye gari la msaada! Hiyo ni kazi ya kiume kweli kweli. Lakini vichwa vya habari vikamwita mtu wa ‘bila msaada’, wakati chakula chake kilikuwa kinamsubiri kwenye miji ya njiani. Huyo ni wa kundi la pili.

Piga hesabu ndogo. Hata angekula nusu kilo tu kwa siku, ambayo haimtoshi mtu anayetembea usiku na mchana, siku 45 zingemtaka aanze na zaidi ya kilo 22 za chakula kitupu mgongoni. Nani atavunja rekodi na gunia hilo? Ndiyo maana maneno hayo hayafai kutumiwa ovyo. Mzigo ndio mchezo wenyewe.

Wapo watakaosema huku ni kubana mno. Kule Appalachian watu wema huwaachia wasafiri soda na vyakula kwenye makutano ya barabara. Mtu kanywa soda moja, kosa liko wapi? Kosa halipo. Anywe, ashukuru, kisha ahamie kundi lingine. Soda ile ni uzito ambao mwenzake aliubeba tangu mwanzo.

Na tukumbuke, huko porini hakuna mwamuzi wala VAR. Kuna kifaa cha GPS kinachoonyesha ulipopita, lakini hakionyeshi ulichokula wala nani alikupa. Kilichobaki ni neno la mchezaji. Neno lenyewe likishalegezwa, hakuna cha kumbana nacho.

Hili linatugusa hata sisi. Mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe, akafika kileleni na kushuka kwa Mweka kwa saa 9 na dakika 21, akiwa amejibebea chakula, maji na nguo zake. Baadaye Kilian Jornet wa Hispania akatumia saa 7 na dakika 14 mwaka 2010, na mwaka 2014 Karl Egloff akashusha hadi saa 6 na dakika 42. Wengi husoma namba hizo tatu na kuamua kuwa Mtuy ameshafutwa. Hapana. Muda wa Mtuy unapimwa na wa mtu aliyepanda na mzigo wake wote, si na saa pekee.

Kwa hiyo safari nyingine ikitangazwa rekodi ya ‘bila msaada’, shabiki asikimbilie kuangalia saa. Aulize kwanza: alibeba nini, alipokea nini, na alikuwa na nani njiani? Majibu yakikosekana, bao hilo lirudishwe kwa mshika kibendera.