Mvinyo si Mmoja, Ndugu Mhakiki!

Ndugu msomaji, nimekaa kimya toleo zima. Nilidhani hasira zitapoa kama chai iliyosahauliwa mezani, lakini wapi! Kila nikikaa kuandika sura ya saba ya riwaya yangu (ndiyo, ile ile ambayo rafiki zangu huniuliza itakwisha lini) kalamu inagoma. Inataka kwanza nimjibu mwenzetu aliyeihakiki hadithi yangu fupi katika toleo lililopita. Basi leo namjibu, nipate usingizi.

Mwenzetu huyo, ambaye simtaji maana anajijua, alikasirishwa na jambo moja. Katika hadithi yangu yumo mama mmoja mkulima wa zabibu wa Dodoma, ambaye ananusa gilasi mbili za mvinyo wa Kitaliano na kusema kwamba zabibu ni zile zile ila mkono ni tofauti. Mhakiki akaja juu! Eti huo ni uzushi. Eti mvinyo ni mvinyo, ukiacha rangi nyekundu na nyeupe zilizobaki ni porojo za matajiri. Na eti, hata kama tofauti hizo zipo, si kazi ya Kiswahili kuhangaika nazo.

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lililonichoma. Hivi kweli mtu aliyekulia nchi hii anaweza kusema lugha zetu hazihangaiki na vinywaji? Nenda pwani umwambie mgema kwamba tembo ni tembo tu, la asubuhi na la jioni, tamu na kali. Atakucheka mpaka aanguke mnazini. Nenda Iringa ukaagize ulanzi bila kusema kama unataka mtogwa au ule uliokwisha kukaza, uone utakavyotazamwa. Hapa kwetu Ugogoni bibi yangu, ambaye hajagusa darasa, alikuwa akionja wanzuki kwa ncha ya ulimi na kukwambia asali ilirinwa kabla ya mvua au baada. Huyo naye alilishwa majarida ya Kizungu?

Na mambo ya Italia nayo si ya kwetu, sawa? Basi Mwalimu Nyerere alikosea alipokaa usiku na usiku kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kutupa "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. Venisi hiyo, ndugu yangu, ndiyo makao makuu ya mkoa wa Veneto, mkoa ule ule ambao mvinyo wake umekutia kichefuchefu. Mwalimu hakuona haya kuuleta mji huo katika Kiswahili pamoja na maboti yake, riba zake na kesi yake ya ratili ya nyama. Mimi nimeleta gilasi mbili tu.

Kabla sijaendelea: msomaji ambaye dini yako imekukataza kileo, sikuiti unywe. Ninachotetea hapa ni macho na pua ya mwandishi.

Sasa nieleze nilikoyapata haya, maana mhakiki ameniita mzushi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu. Nilimaliza kidato cha nne, alama zangu zikanirudisha nyumbani, nikashika jembe mchana na kalamu usiku. Siku moja alikuja kijijini fundi wa Kitaliano, mtu wa Verona, kutazama mashina ya zabibu. Alikuwa na Kiswahili cha kubabaisha na moyo mkubwa. Siku ya kuaga alileta kwa baba chupa nne za kwao, akaomba gilasi za chai, tukakaa chini ya mbuyu. Baba akamwambia, "Fundi, zote hizi nyekundu, umetuletea nne za nini?" Yule bwana akacheka, akasema, "Mzee, zabibu moja. Wewe onja."

Verona, kwa asiyejua, iko kaskazini-mashariki ya Italia. Ni mji ambamo Shakespeare aliwaua Romeo na Juliet. Ukiuacha mji ukielekea kaskazini unaanza kupanda vilima vilivyo kati ya Ziwa Garda na milima ya Lessini. Vilima hivyo ndivyo Valpolicella. Humo mna mabonde ya Fumane, Marano na Negrar, na humo wanapanda zabibu za kienyeji: Corvina, Corvinone na Rondinella. Hawakuazima za Wafaransa. Hizo hizo, karibu kila chupa.

Chupa ya kwanza ilikuwa Valpolicella yenyewe, ya kawaida. Zabibu zimechumwa, zimekamuliwa, mvinyo umechacha, basi. Ni mwepesi, una uchachu unaochangamsha, watu wa kule huunywa ungali mchanga pamoja na chakula cha kila siku. Fundi alisema unanukia cheri. Mimi cheri siijui, ila nilisikia zambarau zilizookotwa asubuhi. Baba akasema, "Huu mtu analimia."

Chupa ya nne, maana narukia mwisho kwa makusudi, ilikuwa Recioto, na hapo ndipo baba alinyamaza. Tamu! Lakini si utamu wa kutia sukari, ambao sisi wa Dodoma tunaujua sana. Watu wa Valpolicella huchagua vichala vizuri wakati wa mavuno, mwezi Septemba na Oktoba, wanavilaza kwenye vichanja darini, penye madirisha ya kupitisha upepo wa milimani. Haviguswi na jua. Vinakaa hapo siku mia na zaidi, baridi yote inawakuta humo, mpaka zabibu zinanyauka na kupoteza theluthi ya uzito wake au zaidi. Maji yametoka, sukari imebaki. Ndipo wanakamua. Sukari ni nyingi kiasi kwamba mchacho unakoma kabla haijaisha, na kinachobaki ni kinywaji kizito, kitamu, cha kunywewa kidogo kidogo baada ya chakula. Jina lenyewe, wanasema, limetokana na neno la lahaja yao linalomaanisha sikio, kwa sababu zamani walikata yale "masikio" ya juu ya kichala, yaliyopata jua zaidi.

Jambo hili si la jana. Katika karne ya 6, Cassiodorus, waziri wa wafalme wa Wagothi waliotawala Italia, aliandika barua ya kiserikali kuagiza mvinyo wa zabibu zilizokaushwa kutoka nchi ya Verona, akaeleza jinsi unavyotengenezwa hatua kwa hatua. Waziri mzima! Hakuona kwamba lugha yake ya Kilatini inajishusha.

Mama yangu, alipoelezwa habari za vichanja, alisema kwa mshangao, "Kumbe wanaanika kama ilende." Ndugu mhakiki, hayo ni maneno ya mwanamke wa Kigogo ambaye kila kiangazi huanika majani ya mlenda ili yakae mwaka mzima. Mhusika wangu nilimpata hapo. Nilimwona kwa macho yangu, uwanjani kwetu, akiwa na kanga kiunoni.

Chupa ya tatu ndiyo maarufu, Amarone. Zabibu zilizokaushwa zile zile, lakini safari hii mvinyo unaachwa uchache mpaka sukari yote iishe. Kinachotoka ni kikavu na kikali, kileo chake kwa sheria hakipungui asilimia 14 na mara nyingi kinafika 15 au 16. Hukaa ghalani miaka isiyopungua miwili kabla ya kuuzwa. Jina limetoka kwenye neno la Kitaliano la uchungu. Husimuliwa kwamba mwaka 1936, katika chama cha ushirika cha wakulima, pipa moja la Recioto lilisahauliwa, na mkuu wa ghala alipoonja akashangaa kuona utamu umegeuka. Mimi kama mtunzi naitilia shaka hadithi hii. Imekaa vizuri mno, na mapipa yaliyosahauliwa hayakuanza mwaka 1936. Hata hivyo sina ugomvi na mtu anayeuza mali yake kwa hadithi nzuri. Ugomvi wangu ni na sisi tusio na hadithi wala mali.

Na ya pili, Ripasso, ndiyo iliyomfanya baba acheke kwa sauti. Wakishaondoa Amarone kwenye pipa, yanabaki machicha. Sisi tungemwagia mbuzi. Wao wanachukua ule mvinyo mwepesi wa kwanza, wanaumwaga juu ya machicha hayo, unachacha tena siku kadhaa na kunyonya nguvu na rangi iliyobaki. Jina lenyewe maana yake ni kupitisha tena. Kama mama anayekamua tui la pili! Mtu anayejua tofauti ya tui zito na tui jepesi, unamwambia hawezi kuelewa mvinyo wa Valpolicella?

Nimeishia bonde moja tu. Mashariki ya Verona kuna Soave, mji mdogo wenye ngome, ambako zabibu nyeupe iitwayo Garganega inapandwa kwenye vilima, vingine vya udongo wa volkano. Wao pia wanakausha na kufanya Recioto nyeupe. Na mbali zaidi mashariki, Conegliano na Valdobbiadene, kuna Prosecco wenye mapovu, unaochacha mara ya pili ndani ya matangi makubwa yaliyofungwa ili hewa isitoke. Vilima vyake viliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2019.

Sitaki mtu aseme nimelewa sifa za Wazungu. Nayo Veneto ina makosa yake. Soave uliuzwa kwa wingi huko ng'ambo baada ya vita kuu ya pili mpaka ukawa maji maji yasiyo na sura, kwa sababu mashamba yalishuka kutoka vilimani hadi tambarare yenye rutuba, panapozaa sana na kunukia kidogo. Wakulima wa vilimani walihangaika miaka mingi kurudisha jina lao. Prosecco leo ni zaidi ya chupa milioni 500 kwa mwaka, na sidhani kila moja inastahili kutajwa. Amarone nao, tangu uwe wa fahari, kila mmoja anataka kukausha. Nilipouonja nilihisi nimepigwa na kitu kichwani. Kwa maoni yangu ule wa kwanza, wa kulimia, ndio unaompenda mtu.

Wala hawakuwa matajiri, ndugu mhakiki! Veneto ilikuwa nchi ya njaa. Mwisho wa karne ya 19 watu wake walipanda meli kwa malaki kwenda Brazil, na wajukuu wao mpaka leo wanalima zabibu kule Rio Grande do Sul. Wakati njaa hiyo ikiwauma, mwaka 1876, walifungua shule ya mvinyo Conegliano. Hizo porojo za matajiri unazozisema zilitungwa na watu waliokula uji wa mahindi mchana na jioni.

Sasa sikia cha kwetu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo fundi alilisimulia kwa wivu. Zabibu yetu, ile Makutupora nyekundu, inavumilia kiangazi ambacho Corvina ingekufa siku ya tatu. Na tunafanya nini? Msimu mmoja baba alipeleka makreti kwa mnunuzi, akaambiwa matangi yamejaa, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ya zabibu ni maiti. Tulizimwaga nyuma ya nyumba, nyuki wakala mpaka wakachoka. Katika karatasi ya mnunuzi palikuwa na safu moja tu: "zabibu", na kilo. Hapakuwa na safu ya za kilimani au za bondeni, za kunywa mapema au za kuweka. Baba alikuwa na maneno yote hayo kichwani, anajua mstari upi wa shamba unazaa tamu na upi unachelewa, lakini hakuna aliyemuuliza. Halafu nami mwanawe nikiandika hadithi niyape maneno hayo mahali pa kukaa, mtu wa Dar es Salaam ananiambia nizifute, mvinyo ni mvinyo!

Sizifuti. Na sura ya saba nayo ina mvinyo, nakutahadharisha mapema.

Mwezi Agosti mwaka jana nilijenga kichanja cha matete ndani ya ghala la mtama, nikalaza vichala mia mbili. Upepo wetu si wa Lessini. Wiki ya tatu tu zilikuwa zimekauka, nyingine zimekuwa zabibu za pilau, na panya walichukua fungu lao. Nilizobaki nazo nilikamua kwa mikono, nikatia kwenye ndoo, nikafunika kwa kanga ya mama bila ruhusa. Nusu imekuwa siki. Mama anaitumia kwenye kachumbari na amenisamehe kanga. Chupa tatu zimepona. Baba alionja moja, akakaa, akasema, "Hii bado haijajua inataka kuwa nini." Ya pili iko chini ya kitanda changu. Ya tatu, ndugu mhakiki, nimekuandikia jina lako juu yake, njoo uinuse.