Homa Ipimwe Kwanza, Dawa Ifuate

Malaria ni ugonjwa unaoonekana kwa macho, mradi macho hayo yawe kwenye hadubini. Mwezi Novemba 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa kazini Constantine, Algeria, alikagua damu ya askari mwenye homa akaona vimelea vikirusha mikia huku na huku kati ya chembe nyekundu. Wakubwa wa taaluma hawakumwamini upesi, maana homa ile ilikuwa ikihesabiwa kuwa zao la hewa mbaya ya vinamasi. Tuzo ya Nobel ilimfikia 1907. Tangu hapo kukisia malaria kumekosa udhuru, na sisi bado tunakisia. Mtoto akichemka usiku, kunapokucha mzazi yuko duka la dawa anaomba dawa mseto, na muuzaji anaifunga bila hata kuuliza uzito wa mtoto.

Anayedhani kosa hili ni la kupoteza fedha tu, na atazame matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa 2004. Wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali walipopimwa kwa hadubini, chini ya nusu yao ndio waliokutwa na vimelea. Kisha vifo: wenye vimelea walikufa karibu 7 katika kila 100, wasio navyo 12. Wa kwanza walipewa dawa ya ugonjwa wao. Wa pili walipewa dawa ya ugonjwa wa watu wengine, na theluthi mbili hivi hawakupata kiuavijasumu chochote, ilhali homa huletwa pia na nimonia, na maambukizi ya mkojo, na bakteria walioingia kwenye damu. Jina la malaria, likishatajwa, hufunga mlango wa kutafuta kingine. Dengi ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, ni wangapi walioanza kwa kumeza mseto?

Najua jibu la mtaani: “Nilipimwa, hawakuona kitu, nikameza dawa, nikapona.” Homa nyingi za virusi huisha zenyewe kwa siku chache, na jogoo akiwika kukakucha si yeye aliyeleta jua. Lakini lawama dhidi ya maabara si ya uongo yote. Tone nene la damu hupakwa kwenye kioo, likaachwa likauke sawasawa, likatiwa rangi ya Giemsa, ndipo mtaalamu akalitazama kwa mafuta na lenzi inayokuza mara 1,000. Hapaswi kusema “hakuna” kabla ya kupitia angalau maeneo 100 ya kioo hicho, eneo moja baada ya jingine. Kazi hiyo haiishi kwa dakika mbili, na mwenye foleni ndefu mlangoni hushawishika kuikatisha. Dawa ya ubovu huo ni kuurekebisha, kwa kuwa mgonjwa anayekimbilia kukisia amekimbia kipimo kibaya akakumbatia kutopima kabisa.

Wengine watasema kipimo cha haraka kimeipa hadubini likizo. Kwa zahanati isiyo na umeme ni neema, nami sikidharau. Ila kile kilichozoeleka kwetu huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, wala hakihesabu. Hadubini huhesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200, na kwa hesabu hiyo daktari hujua kama dawa inafanya kazi. Na anayehofia kuchelewa akumbuke kwamba agizo la Shirika la Afya Duniani la 2010 linataka kila anayeshukiwa apimwe, lakini linaruhusu kutibu kwa dalili pale kipimo kisipopatikana. Mtoto mwenye degedege au aliyepoteza fahamu aanzishiwe matibabu huku damu yake ikichukuliwa. Huyo hasubiri mtu. Tunaomzungumzia hapa ni yule anayetembea kwa miguu yake hadi dukani. Yeye ana muda wa kuchomwa kidole. Na kamati za zahanati zinazokesha zikijadili rangi ya kuta zitenge jioni moja kwa ajili ya rangi ya Giemsa, na kwa ajili ya lenzi iliyoota kuvu ambayo mtaalamu wao ameilalamikia tangu mwaka jana.