Herufi Hazina Mwenyewe



Muhula uliopita mvulana mmoja atokaye kambi ya Nakivale aliandika jina lake juu ya daftari kwa herufi za kwao Ethiopia. Darasa zima tulicheka, tukasema ni nyayo za kuku. Mimi nilicheka kupita wote, na ndiyo sababu ninaandika leo.

Je, hii A yetu imetoka wapi? Si mali ya Waingereza. Yapata miaka 1800 kabla ya kuzaliwa Kristo, Wasemiti waliokaa karibu na Wamisri walichora kichwa cha ng'ombe, wakakiita alef, yaani ng'ombe. Igeuze A juu chini uone pembe zake mbili. Sisi wa Rwekubo, tuliokua na ng'ombe wa Ankole, hatuna haja ya kuonyeshwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Baadaye Wafoinike, wafanya biashara wa pwani ya Lebanoni, walikuwa na herufi 22, wala hamna irabu hata moja. Yapata karne ya 8 kabla ya Kristo Wayunani waliziazima, na zile zisizofaa kwa lugha yao wakazifanya irabu. Alef ikawa alfa. Waetruski wa Italia walijifunza kwa Wayunani, Warumi kwa Waetruski, na Ulaya ya magharibi kwa Warumi. Kumbe Ulaya nayo iliazima!

Shina hilo hilo lilitoa matawi mengine. Moja lilifika kwa Waarabu, likaleta alifu ambayo Waswahili waliandikia tenzi zao. Jingine lilipita Arabuni kusini, likavuka bahari mpaka Ethiopia. Basi herufi za mwenzetu na zetu ni ndugu. Wasomali nao walichagua herufi za Kirumi mwaka 1972, na Kisomali chao hakikupungua kitu.

Wengine watasema mtihani hauulizi mambo haya. Ni kweli. Lakini mtu akichekewa jina lake, atajifunza nini tena kwetu? Rai yangu ni kwamba ubao wa matangazo utengewe nafasi, kila mwanafunzi aandike jina lake kwa herufi za kwao.

Mvulana yule nimekwisha kumwomba radhi. Sasa ananifundisha kuandika jina langu kwa herufi zake. Bado nakosea, naye hucheka sana. Ni haki yake.