Maji Kwanza, Lipu Baadaye



Katika wilaya zetu za Kasulu na Kibondo mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, nazo hazikomi hata mwezi wa Mei. Muda huo wote nyumba nyingi za zamani, zilizojengwa kwa matofali mabichi au kwa matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, hunywa maji kwa chini. Kiangazi kikifika twaona alama zake: weusi ukutani kimo cha magoti, unga mweupe wa chumvi, lipu inayotoa sauti ya utupu ikigongwa, na harufu ya uvundo katika chumba wanamolala watoto. Baadhi yetu twakaa katika nyumba hizo kwa ajili ya kazi; wengine tumezirithi kwa wazazi.

Hapo mtumishi mwenye mshahara huona haya. Wageni watasemaje? Basi hununua mifuko ya saruji, humwita fundi, na baada ya juma moja ukuta wang'aa. Twathubutu kusema ya kuwa kazi hiyo, kwa ukuta wa udongo uliolowa, si dawa bali ni madhara.

Sababu yake ni hii. Ukuta wa udongo huvuta maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kwa njia ya uso wake. Lipu ya saruji ni ngumu, haipitishi unyevu kwa wepesi. Ukuta ukifunikwa nayo, maji hukosa mlango. Hupanda juu zaidi, ao hubaki ndani yakilainisha matofali. Kwa nje nyumba yaonekana nzima, na kumbe ndani matofali yamerudi kuwa tope. Ndiyo maana ukuta waweza kuanguka usiku wa mvua, na aliyelala chini yake hakuonywa na ufa wo wote. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Jambo hili si la Buha peke yake. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mafundi wanaotengeneza majumba yale kwa uangalifu hupiga lipu ya chokaa, wala si ya saruji, ili kuta zipate kupumua.

Basi kazi na ifuatane hivi. Kwanza, maji yazuiwe: bati livuke ukuta, udongo uliorundikana ukutani uondolewe, ardhi iteremke kutoka nyumbani, na mtaro uchimbwe upande wa mlima. Pili, lipu iliyolegea ibanduliwe taratibu kwa mkono. Lakini ukuta uliopinda au kuliwa chini usiguswe kabla fundi hajauegemeza kwa magogo. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, wala isioshwe, maana maji huirudisha ukutani. Tatu, tungoje. Wajuzi wa nyumba za kale hukadiria ya kuwa ukuta mnene hukauka kiasi cha inchi 1 kwa mwezi. Ukuta wa inchi 9 wataka miezi 9 ukikauka upande mmoja tu; pande zote mbili zikiwa wazi kwa hewa, wataka karibu nusu yake, yaani kiangazi chetu kizima. Mtu asijaribu kuharakisha kwa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa: uso wa ukuta utapasuka, na hewa ya mkaa huua watu. Nne, ndipo lipu ipigwe, ya udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, na juu yake chokaa.

Asiyejua maji yatoka wapi, na abandike kipande cha nailoni ukutani, akifunge kingo zote, akiache siku chache. Matone yakionekana nyuma yake, upande wa ukuta, maji yamo ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba, ni mvuke wa kupika na pumzi za watu, afungue madirisha.

Wako watakaosema: bomoeni, mjenge upya kwa matofali ya kuchoma. Twawajibu ya kuwa tanuru hula kuni nyingi, na misitu yetu imekwisha kubeba mzigo mkubwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na ile ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena mwaka 2015. Na wageni wetu walihitaji kuni za kupikia kama tunavyohitaji sisi. Tena nyumba mpya isiyo na mtaro itapata ugonjwa ule ule.

Limebaki neno la fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali waanza tarehe 1 Julai, na mvua zaweza kufika Oktoba. Anayengoja fedha ndipo aanze kazi hupiga lipu juu ya maji. Kwa hiyo twashauri kila tawi liandike nyumba zenye unyevu mwezi wa Mei, alama zikali mbichi. Mitaro ichimbwe Juni kwa nguvu zetu wenyewe, maana jembe halingoji hati ya malipo. Na katika kila ombi la matengenezo neno la kwanza liwe mtaro, la mwisho liwe lipu. Fedha zikichelewa hata Novemba, zitumiwe kwa bati na mifereji ya paa, na lipu ingoje kiangazi kingine.

Ukuta wenye madoa unaokauka si aibu ya mtumishi. Aibu ni ukuta mweupe ulioanguka juu ya wanawe.